Petro Mwenye Mguu wa Kuchora

München, tarehe 3 Mei 1911

Dada Burgl,

Nakuombea uzima, wewe na Baba na kuku wako wote, hata yule jogoo anayenichukia bila sababu. Mimi si mgonjwa, ila usingizi umekuwa mwembamba siku hizi. Kelele za mjini tu.

Nina habari ya Baba, nayo ni kubwa. Unamkumbuka yule Petro niliyempata mwaka 1902 kwenye kifusi cha Ukuta wa Kaskazini pale machimboni, nikiwa na miaka kumi na saba? Yule mdudu wa kale aliyegandia jiweni, mwenye miguu mirefu kama uzi, ambaye wachimbaji wa kwetu walimpa jina la mtume Petro kwa kuwa anafanana na wadudu wanaotembea juu ya maji. Mfamasia wa Eichstätt aliyemchukua amefariki, na makabati yake yote yameletwa hapa makumbusho. Profesa Reudnitz, bosi wangu, alimtoa Petro kabatini wiki iliyopita, na tangu siku hiyo haongei kitu kingine. Anasema hakuna anayemjua mdudu huyu ni wa ukoo gani. Ukoo wake wote ulikufa ukaisha kabla binadamu hajawa na jina. Ameandika makala, iko kwa mchapaji, na ndani yake Petro wetu amepewa jina la Kilatini linalotokana na jina la Baba. Sebald Bittlmaier wa machimbo yetu ataandikwa kwenye vitabu vya dunia nzima.

Jambo moja dogo. Lile bamba la jiwe linalogongwa kuita watu kwenye chakula, bado linaning'inia mlangoni pa kibanda cha machimbo? Ule waya wake ni wa zamani sana, na bamba lenyewe ni zito, linaweza kumwangukia mtu kichwani. Naomba ulishushe ulivunjevunje, vipande uvitupe mtoni. Baba nitamletea kengele ya shaba nikija Pentekoste. Usimwambie kwamba nimesema, maana unajua anavyolipenda.

Mdogo wako,
Wunibald


Machimboni, 7 Mei

Mdogo wangu Wuni,

Siri huwekwa mwanzoni mwa barua, haiwekwi mkiani. Nilimsomea Baba mezani kama kawaida yetu, nikafika mwishoni ndipo nikakuta "usimwambie". Nilikuwa nimeshalisema bamba, waya na mto. Miaka minne ya mjini na bado hujui nyumba yetu inavyosoma barua?

Nilidhani angefurahi. Jina lake kwenye vitabu, mtu ambaye hata jina la barabara hajawahi kupewa. Aliweka kijiko chini supu haijaisha, akachukua kofia akaenda kwenye kibanda. Nilimwona kwa mbali amelishika lile bamba kwa mikono miwili, hakuligeuza, amelishika tu. Aliporudi alisema, "Asiliguse mtu." Basi silivunji. Na kwa kweli nisingelivunja hata kama hakusema. Waya niliubadilisha mwenyewe msimu wa mavuno, kwa hiyo acha kuwaogopea watu vichwa vyao. Au una lako jambo?

Kilichonishangaza ni cha kesho yake. Aliniomba patasi ya Baba Mdogo Kilian, ile iliyofungwa kwenye kitambaa tangu kifo chake. Sasa kila siku saa za kazi zikiisha, wenzake wakirudi nyumbani, yeye anakwenda Ukuta wa Kaskazini. Anasema anatafuta Petro mwingine. Nimemwambia ukuta ule ulimla ndugu yake. Akanijibu kwamba ukuta hauna meno, una uzito tu.

Amekuwa mtu wa maneno machache. Ana mafua yaliyomwingia masikioni, hayataki kutoka. Lakini usihofu, anakula. Na mimi mzima, na bado nakushinda kurusha mawe, njoo Pentekoste tupimane mtoni.

Dada yako,
Walburga


München, 10 Mei

Dada Burgl,

Nimeisoma barua yako nimesimama, na mpaka sasa sijakaa. Ukuta wa Kaskazini? Mvua zote hizi za majira ya kuchipua? Mzuie. Mwambie Profesa hahitaji Petro mwingine, aliye naye anamtosha.

Najituliza kwa jambo moja, kwamba masikio ya Baba hayana mfano bonde zima. Nakumbuka aliweza kukaa kwenye gogo lake na kuniambia, bila kugeuka, kwamba bamba nililoligonga upande wa pili wa machimbo lina ufa. Ukuta ukianza kuongea, yeye atakuwa wa kwanza kuusikia. Hayo mafua, mpe maji ya vitunguu ya moto.

Sasa nisikilize vizuri. Profesa anakuja huko mwenyewe, Jumatano tarehe 24, siku moja kabla ya Kupaa Bwana. Anataka kuona mahali Petro alipotoka. Na anataka pacha wake. Unajua jiwe letu likipasuka linatoa kurasa mbili, mnyama upande mmoja na alama yake upande wa pili. Profesa ameniuliza pacha yuko wapi, nikamwambia amepotea. Nimemwambia uongo, Burgl. Pacha ni lile bamba la kibandani. Uso wake ndio ule unaotazama ukuta wa mbao.

Lazima livunjike kabla ya tarehe 24. Usiniulize kwa nini. Ninaogopa, ninaogopa mpaka naikosea kazi yangu ya kusafisha mawe kwa sindano na lenzi. Kama umewahi kunipenda, livunje.

Wuni


Machimboni, 13 Mei

Wuni,

Umeniambia uongo wako mmoja, na mimi nitakuambia wangu, tuwe sawa.

Baba hana mafua. Baba hasikii. Nilikuandikia kwamba nilimsomea barua yako mezani. Ukweli ni kwamba alininyang'anya mkononi akaisoma mwenyewe, maana sauti yangu haimfikii tena, hata nikiita kama naita ng'ombe.

Niligundua Februari. Nilipeleka chakula saa sita mchana, nikagonga bamba mara tatu kama desturi, wanaume wakaweka nyundo chini wakaja. Yeye akaendelea kupasua mawe. Niligonga tena. Nilikwenda mpaka nyuma ya mgongo wake nikaita "Baba", na hakugeuka. Nilipomgusa bega aliruka, na usoni nilimwona mtu anayeogopa, Wuni. Baba yetu. Akanishika mkono akaniapisha kwa rozari ya Mama kwamba sitasema, hasa kwako.

Wenzake hawajui. Anawatazama mikono, wakiweka vyombo anaweka, wakicheka anacheka. Mabamba anayapima kwa meno. Anauma mpini wa patasi, ncha inagusa jiwe, na anasema mlio unampandia kwenye taya. Hajakosea bamba hata moja. Lakini ukuta mzima ataupimaje kwa meno? Msimamizi akijua, ataondolewa siku hiyo hiyo, kwa sababu kiziwi machimboni anajiua yeye na jirani yake. Na akiondolewa atakwenda wapi, nyumba ya maskini ya parokia? Ameanza kupasua mawe ana miaka kumi na moja.

Kwa hiyo usinipe habari za masikio yasiyo na mfano. Kila jioni yuko peke yake chini ya ule ukuta, na mvua hainyamazi. Mimi nakaa kibandani natazama mawe badala yake. Nikisikia hata kokoto inateleza, natoka mbio mlangoni. Nawaza, nikisikia ukuta unaanza, nitamwambia kwa njia gani?

Sasa zamu yako. Lile bamba lina nini?

Walburga


München, 15 Mei

Dada yangu,

Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne. Hii ya tano naipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Petro niliyempata mwaka 1902 alikuwa na miguu mitano. Wa sita, ule mrefu wa nyuma kushoto, haukuwepo, jiwe lilikuwa tupu. Unajua wachimbaji wa bonde letu wanavyofanya. Mnunuzi hataki mnyama kilema, basi mnyama "anavishwa", anaongezewa kipande kwa sindano na kupakwa maji ya kutu, na Jumapili watu hao hao wanapokea komunyo. Baba ndiye pekee aliyekataa maisha yake yote. Mimi nilimvisha Petro. Nilikwenda bwawani nyuma ya kanisa, nikawatazama wale wadudu wanaoteleza juu ya maji, nikachora mguu kama wao. Mfamasia alifurahi, alisema kijana mwenye jicho hili asiozee machimboni, na miaka mitano baadaye akaniandikia barua ya kuja huku. Kazi yangu, chumba changu, koti nililovaa, vyote vimesimama juu ya mguu ule.

Na sikuchora vizuri. Miguu ya kweli ya Petro, kule mwishoni, ina vifundo vidogo vidogo vingi ajabu. Profesa amevihesabu kwenye lenzi, vinapita thelathini kwa mguu mmoja. Wa kwangu una vitano, kwa sababu yule wa bwawani ndivyo nilivyomwona. Mtu mwingine angesema hapa kuna ujanja. Profesa anawaamini watu, na anamwamini Baba ambaye hajamwona. Amesema huyu ni kiumbe wa ajabu, mwenye miguu ya aina mbili, na makala yake nzima imejengwa hapo. Uongo wangu umepewa jina la Baba, Burgl. Mtu asiyewahi kumwongezea mnyama hata unywele.

Pacha ana nafasi tupu pale mguu unapotakiwa. Atakayemgeuza atajua. Nitafukuzwa, huenda nitashtakiwa, na jina la Baba litachekwa kuanzia hapa hadi Berlin.

Mwonyeshe Baba barua hii. Mwambie hakuna haja ya Petro wa pili, mtoto wake ni mwongo, aondoke chini ya ule ukuta. Na ukishamwonyesha, vunja bamba. Ningekwenda kwa Profesa leo hii. Nimefika mlangoni kwake mara mbili nikasikia kalamu yake inaandika, nikarudi.

Wunibald


Machimboni, 17 Mei

Wuni,

Sikumwonyesha barua. Aibu nyingine hazisomwi kwa mwandiko wa mwenye nazo. Nilichukua kibao changu cha shule nikaandika kwa chaki: "Wuni alichora mguu mmoja. Anatubu. Anasema usitafute tena."

Alisoma, akafuta kwa mkono wa shati, akaandika chini yake: "Siku tatu." Akavaa buti akatoka mvuani.

Hakushangaa, Wuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, kwa machozi, hata kwa kibao kurushwa. Uso wake haukubadilika kabisa, na hilo limenitisha kuliko ukuta.

Bamba sijalivunja. Ndilo sauti pekee niliyonayo pale kibandani, hata kama wa kuisikia hayupo. Wewe unaniomba nivunje kila barua, na hujaniambia hata mara moja kwamba unapanda treni.

W.


München, 20 Mei

Burgl,

Leo ni Jumamosi, sijapata neno kwako tangu Alhamisi. Kila posta inapokuja nashuka ngazi nikiwa na kiatu kimoja. Jana nilikwenda stesheni nikakata tiketi. Nilisimama mpaka treni ikaondoka bila mimi, kwa sababu akilini nilimwona Baba ananitazama kwa uso usiobadilika, kama ulivyoniandikia.

Kama amenikasirikia, niambie. Kama anaumwa, niambie. Kimya hiki siwezi kukisoma, na kila nikijaribu nasoma jambo baya zaidi. Profesa ameshanunua buti mpya za safari.

Nijibu hata mstari mmoja.

Wuni


Eichstätt, hospitali ya masista, 22 Mei

Mdogo wangu,

Baba yuko hai. Nimeandika hilo kwanza kwa sababu nimejifunza mahali pa kuweka mambo kwenye barua. Mguu wake wa kulia haupo. Daktari aliukata juu ya goti Jumamosi hiyo hiyo uliyokuwa unaniandikia. Ana homa, na daktari anasema tusubiri siku tatu kabla ya kushukuru.

Ilikuwa siku yake ya tatu. Mvua ilikuwa imekatika tangu asubuhi, jua linawaka, na mimi nikadanganyika nikaanza kupumua. Nilikuwa kibandani, yeye hatua kama sitini mbele yangu, chini ya ukuta, amepiga magoti, mgongo kwangu. Kwanza ziliteremka kokoto, chache tu. Kisha juu kabisa nikasikia mlio kama wa shuka linalochanwa, ukanyamaza, ukarudi mrefu zaidi.

Niligonga bamba. Ni upuuzi, nilijua hasikii, lakini mkono ulikwenda wenyewe. Niligonga kwa nguvu zangu zote, na kwa pigo la tatu likavunjika, kipande kikubwa kikabaki mkononi mwangu na vingine vikaanguka miguuni. Yeye anaendelea kugonga patasi yake, tak, tak, kwa utulivu wote. Nilikimbia kumwendea mpaka nikafika mahali ambapo nikizidi hatua moja tunakufa wawili. Nikakirusha kile kipande.

Ulikuwa ukinicheka kwamba narusha kama mvulana. Kilimpiga begani. Aligeuka na hasira, akaniona uso, na hakutazama juu kabisa, uso wangu ulimtosha. Alijitupa kando. Mwili wote ulitoka isipokuwa mguu.

Sasa kila mtu anajua kwamba hasikii. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi kifo kimetukosa kwa kimo cha mtu mmoja. Msimamizi alikuja hapa na kofia mkononi, hakusema neno la lawama, na mimi nililia kwa mara ya kwanza.

Jana Baba aliamka. Nilimwandikia kwenye kibao: "Ulikuwa unatafuta nini kule, na nimekuambia kila kitu?" Unajua hajipimii sauti tena, kwa hiyo jibu lake lilisikiwa na wodi nzima, na ninakuandikia kama alivyolisema.

"Nilijua zamani, bwana. Jioni ile ile aliyompata nilimwona pacha wake. Pacha ana miguu mitano, na huyu aliyekwenda kwa mfamasia ana sita. Nikasema, kijana ataniambia mwenyewe. Nikalitundika lile bamba uso ukutani, nisilione. Miaka tisa linaniita chakula, na kila likilia nasema, leo ataniambia. Halafu nikaacha kulisikia."

Nikaandika: "Na Petro wa pili?"

"Nimpate mzima, wa kweli, nimpe huyo Profesa mkononi. Aandike huyo. Yule wa uongo angesahaulika kabatini, na kijana asingeaibika."

Nikamuuliza kama alimpata. Akasema hakupata kitu, hata unyoya, na akafumba macho.

Sasa, Wuni, bamba limevunjika kama ulivyotaka. Vipande vilivyobaki kibandani vimekanyagwa na waliokuja kumbeba Baba, wala hakuna atakayeviunganisha. Kimebaki kimoja tu, kile nilichorusha. Kilikuwa kimedunda nje ya kifusi, nikakiokota kabla ya kuja huku, sijui kwa nini. Nilikigeuza jana kwa mara ya kwanza. Kina nusu ya nyuma ya Petro, na pale kushoto ambapo pangekuwa na mguu ni jiwe tupu, safi, halijaguswa. Kimo kwenye mfuko wa aproni yangu, kina damu ya bega la Baba.

Profesa anakuja keshokutwa. Mto uko chini ya dirisha hili, na unajua ninavyorusha. Sema neno moja nitakirusha, na utabaki na kazi yako, na mimi sitakusema maisha yangu yote. Lakini useme wewe. Mimi nimechoka kuwa masikio ya watu wawili.

Walburga


München, 23 Mei

Dada Burgl,

Usikirushe.

Barua yako ilifika saa tatu asubuhi. Niliisoma kwenye ngazi. Nilitaka kwenda kulala, nifunike kichwa, na badala yake nikaona miguu inanipeleka kwenye mlango wa Profesa, na safari hii sikusubiri kusikia kama kalamu inaandika. Nilisema yote nikiwa nimesimama. Nilipomaliza akanisogezea kiti. Alinitaka nimwonyeshe kwenye lenzi mahali sindano ilipoanzia, nikamwonyesha. Akavua miwani.

"Bwana Bittlmaier," akasema, "vile vifundo vitano nimevihesabu mara kumi na moja. Mara zote niliona ajabu, kwa sababu nilitaka ajabu."

Ametuma mtu kwa mchapaji kusimamisha makala. Nimeandika maelezo na kutia sahihi. Kazi sina tena. Kama nitashtakiwa hajui, makumbusho ndiyo yatakayoamua, na nakiri kwamba kila nikisikia hatua za buti kwenye ngazi nadhani ni polisi. Hofu haikuondoka niliposema. Ila nimeweza kula mkate.

Profesa atakuja Jumatano vilevile. Mpe kile kipande mkononi, usikioshe. Nimemweleza damu ni ya nani.

Mimi ninakuja Ijumaa, treni ya saa nne asubuhi. Sijui nitaingiaje pale wodini. Alingoja miaka tisa nimwambie, na sasa nitamwambia mtu asiyesikia. Muulize nimletee nini. Chochote anachotaka, hata kama itabidi niuze koti hili.

Wuni


Eichstätt, Kupaa Bwana, 25 Mei

Mdogo wangu Wuni,

Homa imeshuka usiku wa kuamkia leo. Daktari ameruhusu tushukuru, na kengele za mji mzima zinalia kwa ajili ya sikukuu. Baba ananiuliza kwa nini madirisha yanatetemeka.

Profesa alikuja jana. Ni mfupi kuliko nilivyomdhania, na buti zake mpya zinambana. Hakwenda kuona ukuta, alisema ukuta umeshamwonyesha nguvu zake kwa mguu wa Baba. Nilimpa kipande. Alikitazama kwa lenzi yake pale pale kitandani kwa muda mrefu, kisha akakifunga kwenye leso yake mwenyewe na kumwinamia Baba kama watu wanavyomwinamia askofu. Akaniomba nimwandikie kwenye kibao kwamba makala mpya itakuwa fupi, itasema miguu mitano imeonekana na wa sita haujulikani, na jina la Bittlmaier litabaki. Baba alisoma akatikisa kichwa kukubali, na Profesa alipokuwa anatoka nikamwona Baba anajifuta pua kwenye shuka.

Leo nimemwandikia habari zako zote. Kwamba umesema mwenyewe, kazi imekwenda, unakuja kesho, unaogopa. Kwamba unauliza umletee nini. Kibao kilijaa nikageuza upande wa pili. Alisoma polepole, akifuatisha kwa kidole, na alipofika mwisho akacheka. Alicheka mpaka sista akaja mbio kushika mshono wake. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya siku hizi, mpaka walio koridoni wakageuka:

"Aje mikono mitupu. Na mwambie asinichoree mguu."

Nitakuwa stesheni kabla ya saa nne.

Dada yako,
Burgl